Pancha Porini: Kutoa Tairi la Himalayan, Kuziba Tyubu na Kulirudisha Bila Kutoboa Tyubu Mpya

Mwezi uliopita wenzangu watatu wenye pikipiki za Himalayan wamenieleza jambo moja, kila mmoja kwa wakati wake. Walipata pancha, wakatoa tairi, wakaweka tyubu mpya, wakajaza upepo, na kabla hawajamaliza kufunga mizigo tairi lilikuwa limelala tena. Wote watatu waliilaumu tyubu. Nilipozishika zile tyubu mkononi nikaona alama ileile: matundu mawili pacha, madogo, yaliyokaa sambamba upande unaotazama rimu. Mwiba hautoboi hivyo. Hiyo ni kazi ya liva, kile chuma cha kubandulia tairi kwenye rimu, na aliyeishika liva ni mwenye pikipiki mwenyewe.

Mwongozo huu unalenga kosa hilo na makosa yanayolizunguka. Nimeuandika kwa Royal Enfield Himalayan 411 kwa kuwa ndiyo ninayoendesha, lakini hatua ni zilezile kwa pikipiki yoyote ya safari yenye spoku na tyubu.

Jambo moja lieleweke mapema. Matairi ya 411, 90/90-21 mbele na 120/90-17 nyuma, yana tyubu ndani kwa sababu spoku zinapenya rimu na rimu haishiki upepo. Zile kamba za kuzibia tairi lisilo na tyubu, unazochomeka kwa nje na kuendelea na safari, hazitakusaidia hapa. Nimekutana na watu waliobeba kamba hizo tu wakaenda nazo mpaka Ziwa Natron. Kama umezibeba, ziache nyumbani na nafasi hiyo uweke tyubu.

## Vitu vya kuwa navyo

- Tyubu mbili za akiba: moja ya inchi 21, moja ya inchi 17
- Liva tatu za sentimita 25 hadi 30, zenye ncha ya mviringo isiyo na makali
- Spana za nati za ekseli (vyuma vinavyopita katikati ya magurudumu) zote mbili, na kipande cha bomba cha kurefusha mkono wa spana
- Viraka, msasa, na vichupa viwili vya gundi ya viraka ambavyo havijafunguliwa
- Kidude cha kufungulia sindano ya valvu
- Pampu ya mkono, au kompresa ndogo ya volti 12, pamoja na kipimo cha presha
- Chupa ndogo ya maji ya sabuni, poda ya mtoto, chaki na kitambaa
- Turubai dogo au kitenge kikuukuu cha kufanyia kazi juu yake
- Tochi ya kichwani

Vichupa viwili vya gundi si anasa. Gundi ikishafunguliwa hukauka ndani ya chupa hata ukiifunga vizuri, na utagundua siku unayoihitaji.

Kuhusu tyubu, ya inchi 17 haikupi shida kubwa. Boxer za bodaboda zina rimu za inchi 17, kwa hiyo duka la vipuri la mji mdogo mara nyingi lina tyubu ya 3.00-17. Ni nyembamba kwa tairi la 120/90, itatanuka kuliko ilivyokusudiwa, ila itakufikisha mjini ukienda polepole.

Ya inchi 21 ndiyo mtihani, maana bodaboda hazina gurudumu la ukubwa huo. Ukikwama, ulizia zahanati, misheni au mradi wenye Honda XL125 au Yamaha DT125 za zamani. Hizo zina inchi 21 mbele, na mara nyingine stoo yao ina tyubu. Tena, tyubu ya inchi 21 unaweza kuikunja kidogo ikaingia kwenye tairi la nyuma kwa safari fupi. Ya 17 usijaribu kuivuta iende mbele. Kwa hiyo kama nafasi ni ya tyubu moja tu, beba ya 21.

## Hatua ya 1: Fanya yote haya nyumbani kwanza

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Chagua Jumamosi moja, toa gurudumu la nyuma uani kwako kwa kutumia vifaa vya safari tu, usiazime kitu kwa fundi. Toa tyubu, irudishe, jaza upepo.

Sababu ya kwanza ni nati ya ekseli. Niliwahi kuipeleka pikipiki gereji moja kwa matengenezo ya kawaida, na nati ya nyuma ikakazwa kwa mashine ya upepo. Nilikuja kulijua hilo nikiwa kwenye vumbi, nikining'inia kwenye spana bila nati kusogea hata kidogo. Tangu siku hiyo, gurudumu likifunguliwa na mtu mwingine, nikifika nyumbani nailegeza nati na kuikaza upya kwa mkono wangu.

Sababu ya pili ni kwamba pale uani utajua ni spana namba ngapi, bushi ipi inakaa upande upi, na mkono wako utajifunza uzito wa tairi likikaa vizuri na likikataa. Piga picha kila kitu kabla hujakitoa.

Umefaulu pale unapoweza kulitoa na kulirudisha gurudumu la nyuma chini ya saa moja bila kumpigia mtu simu.

## Hatua ya 2: Simama vizuri

Pancha ya nyuma utaihisi kwenye kiti: pikipiki inacheza kushoto na kulia kana kwamba unapita kwenye tope. Ya mbele utaihisi mikononi: usukani unakuwa mzito na unavuta upande.

Achia mafuta taratibu. Ukilazimika kushika breki, shika ya gurudumu lililo zima. Breki kali kwenye tairi tupu inaweza kulitoa tairi kwenye nafasi yake na kukuangusha.

Kisha simama hapo hapo penye usalama. Usijidanganye kwamba utafika kwenye kile kivuli cha mbele. Tairi tupu huteleza juu ya rimu, tyubu inavutwa nalo, na valvu imeshikwa na tundu la rimu. Mita mia chache zinatosha kuichana tyubu kwenye shina la valvu, na mchaniko huo hauzibiki kwa kiraka chochote. Tundu dogo la mwiba linakuwa tyubu ya kutupa.

Tafuta ardhi ngumu na tambarare. Kama ni mchanga, weka jiwe bapa chini ya stendi.

## Hatua ya 3: Mtafute mchawi kabla hujafungua kitu

Zungusha gurudumu polepole ukilikagua eneo lote linalogusa barabara. Ukiona kichwa cha mwiba au msumari, usiuchomoe kwanza. Piga alama ya chaki ubavuni mwa tairi mahali hapo, chora mshale wa mwelekeo wa kuzunguka, na weka alama nyingine kwenye tairi mkabala na valvu.

Alama hizi tatu zitakuokolea muda. Tyubu ikitoka utailaza juu ya tairi valvu ikiwa kwenye alama yake, na tundu la tyubu litakuonyesha penye mwiba hata kama mwiba wenyewe umekatika na hauonekani.

Usipoona kitu kwa nje, usishangae. Endelea.

## Hatua ya 4: Legeza, inua, toa gurudumu

Legeza nati ya ekseli wakati gurudumu bado liko chini. Himalayan ikiwa na mafuta inakaribia kilo 200. Ukianza kuvuta spana kwa nguvu ikiwa juu ya stendi ya katikati, utaiangusha.

Shusha mizigo. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, na kama unatoa gurudumu la nyuma, funga lever ya breki ya mbele kwa kamba ili isisogee.

Kwa gurudumu la nyuma: angalia na upige picha alama za kurekebishia cheni pande zote mbili. Toa nati na wosha, chomoa ekseli huku ukilishika gurudumu kwa goti au kwa ncha ya buti. Lisukume mbele, toa cheni kwenye spoketi, kisha livute nje. Angalia bushi zinazodondoka na uziweke kwenye kitenge kwa mpangilio uliotoka nazo. Spoketi nayo inaweza kuachana na gurudumu kwenye mipira yake. Ishike isianguke kwenye mchanga.

Kwa gurudumu la mbele: mbele lazima inyanyuke. Funga mawe kwenye begi juu ya keria ya nyuma, au ingiza gogo chini ya bamba la kinga ya injini. Kama kuna bolti ya kubana ekseli kwenye mguu wa shokapu, ilegeze kabla ya ekseli yenyewe.

Tahadhari mbili. Gurudumu likishatoka, usiguse breki yake hata kwa bahati mbaya. Pistoni za kalipa, kile kifaa kinachobana diski ya breki, zitasogea na pedi zitagandana. Ingiza kipande cha ubao kati ya pedi. Na kama pikipiki ina ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukishika breki, waya wa sensa usivutwe wala usiachwe ukibeba uzito wa kalipa.

Umefaulu pale gurudumu linapolala juu ya kitenge, diski ikitazama juu, na vipande vyote ukiviona kwa macho.

## Hatua ya 5: Bandua mdomo wa tairi

Mdomo wa tairi ni ule ukingo mnene wenye waya ndani unaoshika rimu. Hapa panahitaji uelewe kitu kimoja kabla hujashika liva, maana kazi yote iliyobaki inategemea hicho.

Waya ulio ndani ya mdomo hautanuki. Njia pekee ya kuuvusha juu ya ukingo wa rimu upande mmoja ni kuupa nafasi upande wa pili. Nafasi hiyo ipo: katikati ya rimu kuna mfereji, sehemu iliyobonyea kuliko kingo. Mdomo ukishuka kwenye mfereji upande wa pili, upande wako unapata ulegevu wa kutosha. Ukibaki juu, utavuta liva mpaka ipinde na tairi halitatoka. Anayetumia nguvu nyingi hakosi misuli. Mdomo wake haumo kwenye mfereji.

Sasa fanya. Fungua sindano ya valvu, toa upepo wote. Toa nati ya valvu na uisukume valvu ndani kidogo.

Piga magoti juu ya tairi, magoti yote karibu kabisa na rimu, na ukandamize kwa uzito wa mwili kuzunguka duara zima. Likigoma, mimina maji ya sabuni kwenye mshono kati ya tairi na rimu, subiri kidogo, rudia. Likigoma tena na una mwenzako, laza gurudumu chini ya stendi ya pembeni ya pikipiki yake, mguu wa stendi ukae juu ya tairi na si juu ya rimu, kisha mwenzako aegemeze pikipiki taratibu.

Geuza, bandua upande wa pili pia. Umefaulu ukiweza kuusukuma mdomo ndani kwa vidole pande zote mbili.

## Hatua ya 6: Toa upande mmoja tu

Anzia kwenye valvu. Shina la valvu linaziba mfereji pale lilipo, kwa hiyo unataka mahali hapo pawe pa kunyanyua, na upande wa pili, ulio wazi, uwe wa kushuka.

Piga goti upande wa pili wa valvu ili mdomo ushuke mfereji. Ingiza liva ya kwanza, ncha tu, ikishika mdomo na isizame ndani ya tairi. Ishushe, ishike kwa goti la pili. Sogea sentimita tano, ingiza ya pili. Sogea tano nyingine, ya tatu. Toa ya katikati, endelea nayo mbele.

Mwenye haraka anasogea sentimita kumi na tano kwa mara moja, na hapo ndipo liva hupinda au huchana mdomo wa tairi. Sentimita tano tano. Baada ya theluthi ya duara, tairi lenyewe litakuwa limelegea na utamalizia kwa mkono.

Si lazima utoe tairi zima kwenye rimu. Upande mmoja ukiwa nje, ingiza mkono, sukuma valvu, vuta tyubu yote.

## Hatua ya 7: Soma tyubu, kisha utafute mwiba

Jaza upepo kidogo kwenye tyubu, isogeze karibu na shavu au mdomo wako. Ngozi ya hapo inahisi upepo mwembamba ambao sikio halisikii. Ukiwa na maji, mimina yenye sabuni uone povu.

Tundu lina maneno yake. Tundu moja upande wa nje ni mwiba au msumari. Matundu mawili pacha ni kubanwa, aidha na liva, aidha na jiwe wakati upepo ulikuwa mdogo mno. Tundu moja upande wa ndani, unaotazama rimu, lina maana kichwa cha spoku kimepenya ule ukanda wa mpira unaovifunika. Mchaniko kwenye shina la valvu: tupa tyubu hiyo, tumia ya akiba.

Sasa sehemu iliyoniumiza mimi. Mwaka wangu wa kwanza na pikipiki hii nilipata pancha ya nyuma kati ya Engaruka na Ngare Sero, saa tisa alasiri. Nilitoa tairi vizuri, nikapitisha mkono ndani haraka, sikuhisi kitu, nikaweka tyubu mpya. Sikwenda mbali. Tairi likalala tena, na hiyo ndiyo ilikuwa tyubu yangu ya mwisho.

Mzee mmoja wa Kimasai aliyekuwa na mbuzi akaja akasimama karibu. Nikamwamkia, akaitikia, akaniangalia nikihangaika. Kisha akavua katambuga yake, ile ndara ya tairi la gari, akaigeuza. Chini ilikuwa na vichwa vya miiba vilivyokatika sawasawa na mpira, zaidi ya kumi, huwezi kuvihesabu kwa kutazama tu. Akaikunja ndara kwa mikono miwili na vile vichwa vikachomoza.

"Kijana," akasema, "mwiba wa mgunga ukikatika haurudi ulikotoka. Unaingia ndani."

Tukalikunja tairi langu vilevile, kwa nje, palipokuwa na alama. Ncha ikatokeza upande wa ndani kama milimita mbili. Likiwa limelala lilikuwa limeumeza mwiba. Likibeba uzito na kujipinda, linautoa.

Kwa hiyo usipitishe vidole tu. Likunje tairi sehemu kwa sehemu, kuanzia kwenye alama ya chaki mpaka umalize duara, huku ukipitisha kitambaa ndani. Nyuzi za kitambaa hushika ncha ambayo kidole hakiihisi, na hazitoki damu. Ukiupata, usukume kutoka ndani kwenda nje kwa ncha ya spana, au uvute kwa koleo. Endelea hata baada ya kuupata wa kwanza, maana kwenye njia za migunga haiji peke yake.

Mwisho kagua ukanda wa mpira juu ya vichwa vya spoku. Uwe katikati, usiwe umekatika.

## Hatua ya 8: Ziba kwa subira

Kama una tyubu ya akiba nzima, weka hiyo na uzibe iliyotoboka jioni ukiwa umetulia. Kama huna, fuata hivi.

Sugua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka, mpaka ngozi ing'arayo ya mpira ipotee na iwe kijivu. Kama mstari wa mshono wa tyubu unapita hapo, usugue mpaka ulale, la sivyo upepo utapita kwenye mstari huo. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Usipulizie kwa mdomo, unyevu wa pumzi unaharibu.

Paka gundi nyembamba, nayo izidi ukubwa wa kiraka. Halafu ngoja. Hapa ndipo viraka vingi vinapofia. Gundi hii haigandishi ikiwa mbichi kama ya mbao. Inatakiwa ikauke mpaka ukiigusa pembeni kwa kidole haishiki. Kwa kawaida ni dakika tano au zaidi, kwenye jua kali pungufu kidogo. Kama unaona inang'aa na majimaji, bado.

Bandika kiraka ukianzia katikati, kandamiza kuelekea kingo kwa mgongo wa liva juu ya buti yako. Ile plastiki nyembamba ya juu iache kama inagoma kutoka. Paka poda juu yake ili gundi iliyobaki isishike tairi.

Usijaze tyubu upepo mwingi ikiwa nje kwa kujaribu. Itatanuka na kukivuta kiraka kabla hakijashika. Umefaulu ukijaribu kukinyanyua ukingo wa kiraka kwa ukucha na usipate pa kushika.

Fundi wa pancha wa barabarani anayechoma kiraka kwa kukibana chini ya pistoni kuukuu na kuwasha moto juu yake anafanya kazi inayodumu kuliko ya gundi. Ukifika mjini mpelekee tyubu yako aichome upya. Mwombe tu akuachie wewe kazi ya liva.

## Hatua ya 9: Rudisha tyubu

Jaza upepo kidogo sana, kiasi cha tyubu kupata umbo la duara na kutojikunja. Tyubu iliyo tupu kabisa inalala chini ya liva. Iliyojaa sana inajisukuma kwenye liva. Unataka iliyolegea yenye umbo.

Paka poda ndani ya tairi. Ingiza valvu kwanza kwenye tundu la rimu, zungushia nati nyuzi mbili tatu tu, kisha panga tyubu yote ndani ya tairi. Isikunjike popote.

## Hatua ya 10: Rudisha mdomo, na hapa ndipo tyubu zinapokufa

Anzia upande wa pili wa valvu, umalizie kwenye valvu. Ni kinyume cha kutoa, kwa sababu ileile ya shina kuziba mfereji.

Ingiza sehemu ya kwanza kwa mikono na magoti, bila liva. Paka maji ya sabuni kwenye mdomo. Utafika zaidi ya nusu ya duara bila chuma chochote. Piga magoti kwenye sehemu iliyokwisha kuingia, na uendelee kuikandamiza ishuke mfereji. Ikipanda, huko mbele kutakaza.

Sasa liva. Ncha iingie kidogo tu, ikamate ukingo wa rimu. Inyanyue mpaka isimame wima, isipite hapo. Ukiilaza kupita wima, ncha inachimba ndani na kuibana tyubu dhidi ya rimu: matundu pacha. Sentimita tano tano, kama mwanzo.

Utafika kwenye kipande cha mwisho, kama kiganja na nusu, na kitakuwa kigumu. Simamisha kila kitu. Usikanyage liva. Usimwite mpita njia akusaidie kuvuta. Ugumu huo una maana moja tu: mdomo umepanda kutoka kwenye mfereji upande wa pili. Acha liva mahali zilipo, zungusha magoti yako upande ule, kandamiza, paka sabuni tena, rudi. Kipande kile kigumu sasa kitalegea. Mara nyingi utakimalizia kwa kidole gumba.

Kabla ya kuvusha kipande hicho, sukuma valvu ndani ya tairi kwa kidole, mpaka nati iguse rimu. Tyubu itajiondoa chini ya mdomo. Ukishavusha, vuta valvu irudi. Tendo hili la sekunde mbili limeniokolea tyubu nyingi kuliko ujanja mwingine wowote ninaoujua.

## Hatua ya 11: Jaza, toa, jaza tena

Rudisha sindano ya valvu, jaza upepo mpaka mdomo ukae. Ubavuni mwa tairi kuna mstari mwembamba ulioinuka, unaozunguka karibu na rimu. Uangalie duara zima: umbali wake na rimu uwe sawa kila mahali. Palipozama, mdomo haujakaa. Paka sabuni hapo, ongeza upepo. Usipite kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye tairi.

Kisha toa upepo wote, halafu ujaze tena. Mikunjo ya tyubu hunyooka kwenye awamu hii ya pili. Ukiiruka, mkunjo mmoja utajisugua kwa siku kadhaa na kukupa pancha isiyo na mwiba.

Mimi natumia psi 25 mbele na 32 nyuma nikiwa peke yangu kwenye lami. Kwenye mawe napunguza kidogo, lakini jiwe la pembe kali na upepo mdogo ndivyo vinavyoibana tyubu kwenye rimu.

Valvu isimame wima. Nati yake usiikaze kwenye rimu. Isogeze juu, iguse kofia ya valvu. Siku tairi likianza kuteleza, valvu itainama na utaiona mapema. Ukiwa umeikaza, itachanika kimyakimya.

## Hatua ya 12: Rudisha gurudumu

Fuata picha zako kinyumenyume: bushi, kalipa, cheni, ekseli. Toa ule ubao kati ya pedi kabla ya kuingiza diski. Weka alama za cheni palepale zilipokuwa pande zote mbili, na ukaze nati.

Kabla ya kupanda, kanyaga au vuta breki ya gurudumu hilo mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Pedi zimeachana, na breki ya kwanza itakuwa tupu. Wengi wamelijua hili wakiwa tayari wanashuka mlima.

Zungusha gurudumu kwa mkono. Lizunguke bila kukwaruza, cheni isikaze wala kulegea kuliko mwanzo. Hesabu vipande kwenye kitenge: kisibaki hata wosha moja.

## Hatua ya 13: Kilomita tano, halafu hamsini

Nenda polepole kilomita tano, simama, shika tairi, pima presha. Ikiwa imeshuka hata psi mbili baada ya kilomita hizo, kuna tundu, na ni afadhali ulishughulikie wakati jua bado liko juu.

Angalia valvu kama bado imesimama wima, gusa nati ya ekseli kwa spana. Rudia baada ya kilomita hamsini. Jioni, kabla hujalala, ziba tyubu iliyotoboka na uirudishe kwenye mfuko ikiwa imepakwa poda na kuviringishwa ndani ya kitambaa, na andika kwenye simu kununua kichupa kipya cha gundi badala ya kile ulichofungua.